Kuvumbua Kilichovumbikwa: Uthibitisho wa Ufichuzi Fiche katika Mashauri ya Hataza

Utangulizi

Katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, ndizi mbivu nyingi zinazouzwa hazikuivia mgombani. Zilivumbikwa. Mkungu ulikatwa ungali mbichi, ukafunikwa kwa majani makavu au ukatiwa guniani, pengine pamoja na tunda moja lililokwisha kuiva, kisha ukaachwa mahali penye joto kwa siku kadhaa. Sayansi inatueleza kinachotendeka humo: tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo inapozuiwa isitawanyike huharakisha kuiva kwa matunda yaliyo jirani. Mwaka 1934 mwanasayansi Richard Gane, huko Uingereza, alithibitisha kwa njia za kikemia kwamba matunda yenyewe ndiyo yanayoizalisha.

Sasa tuchukulie kwamba mtu anafika katika ofisi ya hataza na dai hili: mbinu ya kuivisha ndizi kwa kuizingira, ndani ya chombo kilichofungwa, ethilini itokanayo na tunda lenyewe. Mpinzani wake anamleta mama mmoja wa sokoni awe shahidi. Mama huyo hajapata kulitamka neno ethilini maishani mwake. Je, ushahidi wake unatosha kuliangusha dai hilo?

Swali hili si la kubahatisha. Ni miongoni mwa maswali yaliyozishughulisha sana mahakama za hataza, na limeshaigusa Afrika Mashariki pia, kama tutakavyoona katika kisa cha nafaka ya tefu. Makala haya yanaazimia kueleza namna linavyojibiwa na ushahidi unaohitajika. Tunaliwasilisha mbele ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, badala ya kuwaachia wanasheria peke yao, kwa kuwa tunashikilia kwamba kiini chake ni suala la usomaji wa matini. Isitoshe, sehemu kubwa ya ushahidi unaohitajika katika mazingira yetu imo katika fasihi simulizi, na sisi ndio tunaoikusanya.

Suala la istilahi

Hataza ni haki ya pekee ambayo dola humpa mvumbuzi kwa muda maalumu. Nchini Kenya muda huo ni miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha maombi. Mipaka ya haki hiyo huchorwa na madai, yaani sentensi zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa zikitaja kila sehemu ya uvumbuzi. Yote yaliyokwisha kufikia umma kabla ya tarehe ya maombi tutayaita ujuzi tangulizi. Ikiwa kazi moja ya awali imekwisha kufichua kila sehemu ya dai, dai hilo halina upya na hataza yake ni batili. Ugumu huzuka pale ambapo kazi hiyo ya awali iko kimya kuhusu sehemu mojawapo, nayo sehemu hiyo ilikuwamo muda wote bila kutajwa. Hali hii tunapendekeza iitwe ufichuzi fiche.

Msomaji makini ataona mara moja kwamba istilahi hii inajipinga. Fichua ni kinyume cha ficha, na fiche ni kilichofichwa. Basi itakuwaje kitu kiwe kimefichuliwa nacho kingali kimefichwa? Tumeiteua kwa sababu ya mkinzano huohuo. Ndio mkinzano ambao majaji wamekuwa wakihangaika nao, na istilahi inayouficha isingetusaidia.

Kuna neno jingine linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi, nalo ni uvumbuzi. Wanamofolojia wanazifahamu jozi za vitenzi ambamo kimoja kinatendua kilichotendwa na kingine: funika na funua, bandika na bandua, anika na anua. Vumbika na vumbua zinaingia katika mkondo huohuo bila taabu. Kwa umbo lake, basi, kuvumbua ni kutoa nje kilichokuwa kimefunikwa. Buni ni tofauti kabisa: anayebuni hutoa akilini mwake kitu ambacho hakikuwapo. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001, katika kifungu cha 21, inakataa kuuhesabu ugunduzi mtupu kuwa uvumbuzi unaostahili hataza. Kwa maneno mengine, sheria inadai ubunifu, ilhali Kiswahili chetu kinamwita mwenye hataza mvumbuzi, mfukuaji. Sidhani kwamba hili ni kosa la lugha. Lugha imeushika mpaka ambao mahakama zinaugombania, na imeushika pale pale ulipo mwembamba.

Lazima, si huenda

Katika utegaji wa vitendawili, hadhira inaposhindwa kulipata jibu humpa mtegaji mji, naye akiukubali hulifumbua fumbo lake. Hataza ina mantiki ya namna hiyo. Mwombaji anaufumbulia umma jambo ambao haukulijua, na umma unampa mji wa kutawala kwa miaka 20. Lakini kama jibu lilikuwa limekwisha kutolewa uani siku nyingi, mji hautolewi. Anayedai kwamba jibu lilikuwamo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Mzigo wenyewe ni mzito. Mahakama za Marekani zimeshikilia kwa miongo kadhaa kwamba sehemu isiyotajwa lazima iwe imo ndani ya kazi ya awali kwa ulazima. Haitoshi kuonyesha kwamba huenda ilikuwamo, wala kwamba mara nyingi huwamo. Tukirejea kwenye ndizi zetu: kama dai linataja kuzingirwa kwa ethilini tu, mama wa Daraja Mbili anaweza kulishinda, maana hakuna namna ya kulifunika tunda linaloiva lisiizingire gesi yake kwa kiasi fulani. Lakini dai likitaja kiwango mahususi cha gesi hewani, hali inabadilika. Gunia moja hufumwa kwa karibu, jingine lina matundu. Siku moja kuna joto, nyingine baridi ya milimani. Mpinzani atakayesema kwamba katika baadhi ya magunia kiwango hicho lazima kilifikiwa atakuwa amethibitisha uwezekano, na uwezekano haufui dafu.

Ndiyo maana mashauri haya huamuliwa zaidi na maabara kuliko ufasaha wa mawakili. Mpinzani humwajiri mtaalamu airudie kazi ya zamani hatua kwa hatua, bila kuongeza wala kupunguza, kisha apime kinachopatikana. Vipimo vya leo vinaruhusiwa kueleza tendo la jana. Kisichoruhusiwa ni mtaalamu kujiongezea hatua ambayo maelezo ya zamani hayakuitaja, au kuchagua, kati ya njia tatu zilizoachwa wazi, ile moja inayomfikisha anakotaka. Mhakiki wa fasihi anaijua dhambi hii. Ni ile ya msomaji anayeipachika matini maana yake mwenyewe kisha akadai kuwa ameikuta humo.

Kesi inayofaa zaidi kwa kulinganishwa na soko letu iliamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Shirikisho, Marekani, mwaka 2002. Ilihusu machipukizi ya brokoli na mimea ya jamii yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikuwa wamegundua kwamba machipukizi hayo yana wingi wa kampaundi ziitwazo glukosinolati, zinazohusishwa na kinga dhidi ya saratani, nao wakapata hataza za kuyaotesha, kuyavuna na kuyala kwa ajili hiyo. Wapinzani walijibu kwamba watu walikuwa wakiyaotesha na kuyala tangu zamani. Mahakama ilikubaliana nao. Glukosinolati zilikuwamo tangu hapo. Kuzitambua ni jambo la kusifiwa, lakini hakukigeuzi chakula cha zamani kuwa kitu kipya.

Nenda basi Daraja Mbili ukatazame mafungu ya chinsaga, mboga ambayo Waswahili huiita mgagani. Mmea huu nao una glukosinolati, na uchungu wake unahusiana na kampaundi za namna hiyo. Wapishi wa Abagusii huichemsha kwa muda mrefu na kuitia maziwa ili kuupunguza uchungu huo, na mboga hiyo inasifiwa sana kwa waliojifungua. Atakayeomba hataza ya kula chinsaga kwa ajili ya glukosinolati atakumbana na hoja ileile iliyoyaangusha madai ya machipukizi. Atakayetenga kampaundi moja, akaisafisha na kuitia katika kidonge, hatakumbana nayo kwa namna hiyohiyo.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2003 katika kesi ya Schering dhidi ya Geneva. Kampuni ya Schering ilikuwa na hataza ya dawa ya mzio iitwayo loratadini. Baadaye ilipata hataza nyingine juu ya kampaundi ambayo mwili wa binadamu huitengeneza baada ya kuimeza loratadini. Mahakama ilisema kwamba kila aliyeimeza dawa ya kwanza kwa mujibu wa maelezo yake alikuwa akiitengeneza kampaundi ya pili, apende asipende, ajue asijue. Hapakuwa na haja kwamba mtu yeyote awe aliitambua wakati huo. Dai pana likaanguka. Hata hivyo, mahakama iliacha mlango wazi kwa dai jembamba zaidi, la kampaundi hiyo ikiwa imetengwa na kusafishwa. Wale wanaodhani kwamba kongwe la mila linatosha kuzuia kila hataza wanapaswa kuutazama mlango huo.

Kujua bila kujua

Wamarekani wenyewe hawakuifikia kauli hiyo bila kusitasita. Katika karne ya 19, kesi ya Tilghman dhidi ya Proctor ilihusu asidi za mafuta, na hoja ikatolewa kwamba mafuta ya wanyama yaliyotumiwa kulainisha mitambo ya mvuke yalikuwa yakigeuka asidi kwa bahati, pasipo mtu kutaka wala kufahamu. Mahakama Kuu ilikataa kuihesabu bahati hiyo kuwa ufichuzi. Kati ya kauli hii na ile ya 2003 kuna nafasi kubwa, na mawakili wanaendelea kujipenyeza humo.

Ulaya imeshika njia nyingine. Mwaka 1989 Baraza Kuu la Rufaa la Ofisi ya Hataza ya Ulaya lilisema kwamba la kuuliza ni kitu gani kiliufikia umma, si kitu gani kilikuwamo kisirisiri. Kwa hiyo athari iliyojificha ndani ya matumizi ya zamani haiwi lazima sehemu ya ujuzi tangulizi. Hapa mama wa Daraja Mbili angeweza kushindwa, laiti sheria ingekomea hapo.

Haikukomea hapo. Mwaka 1995, katika kesi ya Merrell Dow dhidi ya Norton, Lord Hoffmann wa Bunge la Mabwana la Uingereza alitoa mfano ambao kwa maoni yetu ndio uliofika mbali zaidi katika mjadala huu. Alimwazia mkazi wa Amazon anayejitibu homa kwa unga wa gome la mti wa kwinini, akiamini kwamba mti huo umependelewa na miungu. Mtu huyo hajui jina la kampaundi, lakini mafundisho ya tiba yake yanamwezesha kufanya kilekile ambacho mwanasayansi msituni angekifanya kama angehitaji kutibu homa bila kidonge. Basi anaijua kwinini kwa maelezo fulani, ingawa si kwa maelezo ya mkemia. Kesi yenyewe ilikuwa pacha wa ile ya Schering: dawa ya mzio iitwayo terfenadini, ambayo ini huigeuza kuwa asidi. Waliomeza vidonge katika majaribio hawakupewa taarifa yoyote kuhusu asidi hiyo, hivyo umezaji wao peke yake haukufichua kitu. Lakini hati ya hataza ya kwanza ilieleza namna ya kuipata terfenadini na kuitumia, na aliyeifuata aliipata asidi. Hati ikafichua pale ambapo tendo lilinyamaza.

Mwanafunzi wa fasihi atang'amua kilichotendeka. Lord Hoffmann hakuuliza kama matini ya zamani inatumia msamiati wa kisasa. Aliuliza kama hadhira yake, ikiifuata, inafika mahali palepale. Mama wa Daraja Mbili naye ana maelezo: kata, funika, weka na lililoiva, subiri. Anayeyafuata anaizingira ethilini. Kwa kigezo hiki maneno yake ni ufichuzi, mradi yathibitike kuwa yalisemwa hadharani, na yalisemwa kabla.

Tefu

Kisa cha jirani zetu wa Ethiopia kinaonyesha jinsi uthibitisho unavyoweza kuponyoka. Tefu ndiyo nafaka ya injera. Mwaka 2007 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza kwa kampuni moja ya Uholanzi juu ya unga wa tefu. Dai lake halikusema tu unga, lilitaja kipimo. Unga hukorogwa na maji na kupashwa moto, kijiti maalumu huachwa kishuke ndani ya uji huo, na sekunde zinazopita huhesabiwa. Dai lilihitaji kipimo hicho kisipungue 250 wakati wa kusaga, na njia ya kukifikia ilikuwa kuiacha nafaka ikomae kwa majuma kadhaa baada ya mavuno.

Mkulima wa Ethiopia huihifadhi nafaka yake ghalani kabla ya kuisaga. Moyo wa msomaji utasema papo hapo: basi tefu yake ilikuwa na kipimo hicho tangu enzi! Huenda. Lakini tumekwisha kuona kwamba huenda haitoshi. Angehitajika mtu wa kuonyesha kwamba hifadhi ya desturi, katika muda wake na hali zake, hufikisha 250 kwa ulazima. Mwishoni mwa mwaka 2018 mahakama ya The Hague iliitangaza sehemu ya Uholanzi ya hataza hiyo kuwa batili kwa sababu haikuwa na hatua ya kibunifu, yaani kwamba mtaalamu wa fani hiyo angeifikia bila ubunifu wa pekee. Hiyo ni hoja tofauti na ya ufichuzi fiche. Tena shauri hilo lilikuwa kati ya makampuni mawili ya huko. Ushindi ulikuja kupitia mlango wa pili, miaka zaidi ya 10 baada ya hataza kutolewa.

Ushahidi wa mdomo

Sheria ya Kenya ni karimu kwa simulizi. Kifungu cha 23 cha Sheria ya mwaka 2001 kinauhesabu kuwa ujuzi tangulizi ufichuzi wa maandishi, wa mdomo, wa matumizi na wa maonyesho, popote duniani. Marekani haikuwa hivyo kwa muda mrefu. Kabla ya mabadiliko yaliyoanza kutumika Machi 2013, matumizi yaliyofanyika nje ya nchi hiyo bila kuchapishwa hayakuhesabiwa. Hataza ya manjano ya kuponyea vidonda, iliyotolewa huko mwaka 1995, ilifutwa 1997 kwa kuwa Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India liliweza kuwasilisha maandishi, yakiwamo ya Kisanskriti na makala ya jarida ya mwaka 1953. Jamii isiyo na maandishi ingekuja na nini?

Lakini ukarimu wa kifungu hauondoi ugumu wa kuthibitisha. Waamuzi wa Ulaya, wanapoletewa ushahidi wa matumizi ya awali, huuliza mambo matatu: ni nini hasa kilichofanywa, lini, na katika mazingira gani yaliyouwezesha umma kukijua. Ushahidi ukiwa mikononi mwa mpinzani peke yake, huupima kwa ukali. Kauli kwamba wazee wetu wamefanya hivi tangu jadi hailijibu swali la lini, na hata la nini hailijibu vyema.

Hapa ndipo tunapoguswa sisi. Mara ngapi tasnifu zetu zimerekodi wimbo wa jikoni au methali ya mavuno, zikachambua takriri na taashira, zikaiacha nje ile mbinu ya kupika au kuhifadhi ambayo fanani aliieleza kabla ya kuimba? Tarehe huandikwa juu juu, mahali hutajwa kwa jina la wilaya, hadhira haitajwi kabisa. Kwa uhakiki wa mtindo huenda hasara ni ndogo. Kwa shauri la hataza rekodi hiyo haina thamani, maana haionyeshi hatua ambazo mtaalamu angeweza kuzirudia maabarani.

Tahadhari moja haina budi kutolewa. Rekodi inayochapishwa huizuia hataza ya mgeni, lakini pia huiweka mbinu mikononi mwa kila mtu. Kwa mambo ya sokoni, kama kuvumbika ndizi, hakuna cha kupoteza. Kwa maarifa yanayotunzwa na watu wachache, kama ile tiba ya fuvu ambayo waganga wa Abagusii wamejulikana kwayo, hali ni nyingine, na uamuzi si wa mtafiti. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 inataka ridhaa ya jamii yenye maarifa itolewe kwanza, na inazipa serikali za kaunti wajibu wa kuyasajili. Mkataba uliopitishwa Geneva tarehe 24 Mei 2024 chini ya Shirika la Mali ya Ubunifu Duniani unalenga kumtaka mwombaji wa hataza ataje asili ya rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi aliyoyategemea. Vyombo hivi viwili vinafaa, ila hakuna hata kimoja kinachomsaidia mwamuzi aliyeketi mbele ya dai lenye kipimo cha 250.

Kinachomsaidia ni daftari la nyanjani lililojazwa ipasavyo: siku, mwezi na mwaka, mahali hadi jina la soko, waliokuwapo, na kama mtu yeyote aliruhusiwa kusikiliza, jina la mmea kwa Ekegusii na kwa Kiswahili, na sampuli yake, kiasi, muda na chombo kilichotumika, kisha maneno ya msimulizi kwa lugha yake mwenyewe, kabla hatujayatafsiri. Nakala moja ibaki kwa msimulizi, nyingine iwekwe katika maktaba ya chuo ikiwa na muhuri wa tarehe ya kupokelewa.